Nani atamwinua aliyeanguka?

Fundisho kwa wakatekumeni juu ya wagonjwa wa kifafa

I. Mtoto wa Injili

Mtakatifu Marko, katika sura ya 9 ya Injili yake, asimulia habari ya baba mmoja na mwanawe. Yezu alikuwa akishuka mlimani pamoja na Petro, Yakobo na Yohane. Huko chini akakuta watu wengi wamekusanyika. Wanafunzi waliobaki walikuwa wamefadhaika, na waandishi wa sheria walikuwa wakibishana nao. Katikati ya mabishano yale alikuwapo baba mwenye huzuni. Alikuwa amemleta mwanawe mgonjwa, na wanafunzi walikuwa wameshindwa kumponya.

Baba yule alieleza ugonjwa wa mwanawe waziwazi. Mtoto huangushwa chini kwa ghafula, hutokwa na povu kinywani, husaga meno, na mwili wake hukauka kama mti. Mara nyingi ameanguka motoni, na mara nyingi majini. Kila mtu wa kijiji aliyewahi kumwona mgonjwa wa kifafa hutambua mara moja habari hiyo.

Basi wakatekumeni waangalie vema jinsi Yezu alivyofanya. Mtoto alikuwa chini, akigaagaa mbele ya macho ya watu wote. Yezu hakukimbia. Hakuuliza ni nani aliyemloga mtoto. Hakuuliza baba alitenda dhambi gani, wala mama alivunja mwiko gani alipokuwa na mimba. Aliuliza neno moja tu: mtoto yumo katika taabu hiyo tangu lini? Ndilo ulizo la mtu mwenye huruma. Baba akajibu kwamba ni tangu utoto wake.

Tena liko jambo jingine ambalo Injili hailisemi kwa maneno, lakini laonekana. Mtoto yule alikuwa ameanguka motoni na majini mara nyingi. Walakini siku ile aliletwa kwa Yezu akiwa hai. Maana yake, kila mara alikuwapo mtu wa kumtoa. Pengine alikuwa baba, pengine mama, pengine jirani. Mtu huyo hakuogopa povu, wala hakungoja mwingine atangulie. Pasipo mkono wa mtu huyo, Yezu asingalimkuta mtoto, angalikuta kaburi.

Mwisho Yezu akamponya. Mtoto alikuwa amelala kimya, hata watu wengi walidhani amekwisha kufa. Lakini Bwana aliunyosha mkono wake, akaushika mkono wa mtoto, na mtoto akasimama. Fundisho hili lahusu mkono huo.

II. Kifafa ni ugonjwa wa namna gani

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Mwenyezi Mungu aliuweka ubongo kichwani ili uamuru mwili wote. Ubongo hupeleka amri zake kwa nguvu ndogo ndogo zifananazo na umeme. Mwaka 1924 mganga mmoja Mdachi, Hans Berger, alifaulu kuziandika kwa chombo nguvu hizo za ubongo wa mtu. Katika mgonjwa wa kifafa nguvu hizo huvurugika kwa ghafula, kama vile wapiga ngoma wote wakipiga pamoja, kila mmoja mapigo yake. Ndipo mtu huanguka na kutetemeka, na akili yake haijui kitu. Baada ya dakika chache fujo hupita. Mgonjwa huamka amechoka, pengine amejikojolea, naye huona haya. Wako pia wagonjwa wasioanguka: hukodoa macho kwa kitambo kidogo, wala hawasikii wakiitwa. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi hupigwa shuleni, kwa maana hudhaniwa kuwa mvivu.

Sababu za kifafa ni nyingi. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa aweza kukipata baadaye. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, pigo kubwa la kichwa, na mayai ya tegu wa nguruwe, yote yaweza kuudhuru ubongo na kuuachia kifafa. Pengine sababu haionekani kabisa. Kandokando ya mito iendayo kasi, kama katika nchi za Uele na Ituri, wagonjwa wa kifafa ni wengi kuliko mahali pengine. Katika mito ya namna hiyo huzaliwa nzi wadogo weusi wanaouma, waitwao usubi, ambao huleta upofu wa mtoni. Waganga wamegundua kwamba palipo na ugonjwa huo wa usubi kwa wingi, kifafa nacho huzidi. Dawa yake, iitwayo Mectizan, yatolewa bure tangu mwaka 1987. Mzazi asiikatae siku inapogawiwa kijijini.

Kifafa hakiambukizi. Hakiambukizi kwa povu, wala kwa mkojo, wala kwa pumzi, wala kwa sahani, wala kwa nguo. Ulimwenguni watu karibu milioni 50 wana ugonjwa huu. Wako Ulaya na Marekani, wako Asia na Afrika. Wako matajiri na maskini, wasomi na wakulima.

Dawa ziko. Fenobarbitali yatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, nayo ni ya bei ndogo. Kati ya wagonjwa 10, karibu 7 waweza kukaa pasipo kuanguka, wakipata dawa iwafaayo na kuimeza vema. Lakini si dawa ya siku moja. Humezwa kila siku, kwa kipimo alichoagiza mganga wa hospitali, miaka na miaka. Wengi huiacha wanapojiona wazima, na hapo huanguka vibaya kuliko mwanzo. Dawa ya kifafa ni kama mlinzi wa shamba la mahindi. Nyani hawaji kwa sababu mlinzi yupo. Mwenye shamba asiseme: «Nyani hawaji tena, basi mlinzi aende zake.»

III. Maneno yaumizayo kuliko ugonjwa

Katika vijiji vingi husemwa kwamba mwenye kugusa povu la mgonjwa atashikwa naye na kifafa. Kwa ajili ya uongo huo, mtu akianguka, wenzake hutawanyika. Akianguka mekoni, hapana anayethubutu kumvuta. Akianguka mtoni alipokwenda kuteka maji, wenzake hupiga kelele ukingoni. Wagonjwa wengi wana makovu ya moto usoni na mikononi. Makovu hayo si kazi ya kifafa peke yake. Ni kazi ya kifafa pamoja na watu waliosimama wakitazama.

Kisha zafuata taabu nyingine zisizo na kovu la kuonekana. Mgonjwa hupewa sahani yake peke yake, na kikombe chake peke yake. Watoto wakila pamoja ugali na sombe, yeye hula nyuma ya nyumba. Hutolewa shuleni. Msichana hapati mchumba, na dada zake pia hukataliwa, kwa kuwa watu husema ni ukoo mbaya. Mama hulaumiwa na jamaa za mume, na pengine hufukuzwa pamoja na mtoto wake. Baba humpelekea mfumu mbuzi wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mbuzi wamekwisha, na mtoto angali akianguka. Mwisho mfumu hutaja jina la bibi kizee fulani, asiye na mume wala mwana wa kumtetea, na ugonjwa wa mtoto mmoja huwa mauti ya mtu mwingine.

Na yote hayo ni kwa ajili ya nini? Mgonjwa huanguka kwa dakika 2 au 3. Saa zote nyingine ni mtu kama watu wengine. Aweza kulima, kusoma, kusuka mikeka, kuimba kanisani, kupenda na kupendwa. Kijiji humhukumu maisha yake yote kwa ajili ya dakika zile chache.

Wenye kuogopa povu wakumbuke kwamba povu ni mate tu, yaliyochanganyika na pumzi. Injili ya Marko, katika sura ya 7, yasimulia jinsi Yezu alivyotumia mate yake mwenyewe na kugusa ulimi wa mtu aliyekuwa kiziwi, asiyeweza kusema vema. Kwa karne nyingi padri, kabla ya kubatiza, aligusa masikio na pua za mtu kwa mate, kwa ukumbusho wa tendo hilo la Bwana. Siku hizi ibada hiyo hufanywa pasipo mate, lakini maana yake ingali ile ile: Mungu haoni kinyaa kumgusa mwanadamu.

IV. Je, si kazi ya shetani?

Wakatekumeni wengine watauliza: Injili yasema kwamba mtoto yule alikuwa na pepo mchafu, basi, si kweli kwamba kila mwenye kifafa ana shetani?

Hapana. Yezu ni Bwana wa vyote, naye aliwaponya wagonjwa na kuwafukuza pepo. Lakini Mtakatifu Mathayo, katika sura ya 4, anapohesabu watu walioletwa kwa Yezu, ataja wenye pepo kwa neno lao, na wenye kifafa kwa neno lao, na waliopooza kwa neno lao. Si watu wa namna moja. Katekisimu ya Kanisa Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 1673 yafundisha kwamba ugonjwa ni kazi ya waganga, na kwamba hapana ruhusa ya kufanya ibada kuu ya kufukuza pepo pasipo kuhakikisha kwanza kwamba hakuna ugonjwa. Tena ibada hiyo haifanywi ila na padri aliyepewa ruhusa na Askofu.

Kwa hiyo mtu ye yote anayemfunga mgonjwa kamba, au kumpiga ili pepo atoke, au kumnyima chakula siku nyingi, au kumtupia dawa zake akisema zapunguza imani, hafanyi kazi ya Mungu. Mwenye hekima wa Agano la Kale, Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba Mungu ndiye aliyemweka mganga, na Mungu ndiye aliyeziotesha dawa katika ardhi. Mgonjwa asali, na ameze dawa. Mambo hayo mawili hayapigani.

Kuhusu dhambi, Yezu mwenyewe alikwisha kujibu. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akawaambia kwamba si yeye, wala si wazazi wake. Mkristu asitafute tena jibu jingine kwa mfumu.

V. Msalaba wa kila siku

Mtoto wa Injili aliponywa siku ile ile. Wagonjwa wengi hawaponywi hivyo. Huamka kila asubuhi na ugonjwa wao, na hulala nao kila usiku. Hao nao wana mwalimu wao katika Maandiko: ni Mtakatifu Paulo. Katika barua yake ya pili kwa Wakorinto, sura ya 12, aeleza kwamba alikuwa na mwiba mwilini. Hakusema ni mwiba gani. Alimwomba Bwana mara tatu amwondolee, na Bwana hakumwondolea. Alimhakikishia tu kwamba neema yake itamtosha. Wala Paulo hakuacha kazi. Aliendelea kusafiri, kuhubiri na kubatiza, mwiba ukiwa ndani.

Uko pia mfano wa Papa Pio wa IX. Alizaliwa katika nchi ya Italia mwaka 1792, na jina lake lilikuwa Giovanni Maria Mastai Ferretti. Alipokuwa kijana alishikwa na kifafa. Wakati ule sheria ya Eklezya ilizuia upadri kwa mwenye kifafa, kwa hiyo ilimpasa kungoja na kuomba ruhusa. Alipewa upadri mwaka 1819. Mwaka 1846 alichaguliwa kuwa Papa, naye aliongoza Eklezya hata kufa kwake mwaka 1878, yaani miaka zaidi ya 31. Tangu Mtakatifu Petro hapana Papa mwingine aliyeongoza muda mrefu kama huo. Ndiye aliyetangaza, mwaka 1854, kwamba Bikira Maria alikingiwa dhambi ya asili. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa II alimtaja kuwa Mwenye heri. Na ile sheria ya kale imekwisha: sheria za Eklezya za mwaka 1983 hazitaji tena kifafa kuwa kizuizi cha upadri.

Basi, kijana aliyeambiwa kwamba hafai hata kula pamoja na ndugu zake aweza kufikiri jambo hili: mikono ya mtu aliyekuwa na ugonjwa kama wake ilitoa sadaka ya Misa kwa miaka karibu 60.

VI. Mkono wa mkristu

Siku mtu anapopokelewa kuwa mkatekumeni, huandikiwa ishara ya msalaba katika paji la uso. Kabla maji ya ubatizo hayajammwagikia, Eklezya imekwisha kumgusa. Haikungoja awe safi ndipo imguse. Imempasaje mkatekumeni huyo kuogopa kumgusa mwenzake aliyelala chini?

Mkatekumeni akimwona mtu ameanguka kwa kifafa, afanye hivi. Amtoe kwanza motoni au majini, au penye jiwe kali. Aweke nguo laini chini ya kichwa chake, na kulegeza vazi lililobana shingo. Amlaze kwa ubavu, ili mate yatoke nje yasimzibe pumzi. Asitie kijiko, wala kijiti, wala kidole kinywani mwake. Asimpe maji wala dawa kabla hajaamka vema. Asimshike kwa nguvu ili asitetemeke. Akae karibu naye, na kuwaondoa watu wanaocheka. Nguo zikichafuka, amfunike kwa kitambaa. Anapoamka, amwambie kwa sauti ya upole yuko wapi. Ikiwa mtetemo wapita dakika 5, au warudi kabla mgonjwa hajaamka, achukuliwe hospitali upesi.

Jamaa za mgonjwa nao wana kazi yao. Wamkumbushe dawa kila siku. Wasimwache apike peke yake mbele ya moto mkali, wala avue samaki peke yake, wala apande mchikichi. Wamwangalie asinywe lotoko, na alale usingizi wa kutosha, kwa maana pombe na kukesha huamsha kifafa. Lakini wasimfungie nyumbani kama mbuzi. Mtu anayelindwa na mtu aliyefichwa si kitu kimoja.

Maulizo na majibu

1. Je, mwenye kifafa aweza kubatizwa?
Ndiyo. Aweza kubatizwa, kupewa Kipaimara na kupokea Komunyo Takatifu kama waamini wengine. Siku ya ubatizo mtu mmoja asimame karibu naye, basi.

2. Je, aweza kufunga ndoa?
Ndiyo. Ila amwambie mchumba wake ukweli kabla ya ndoa. Mke mwenye kumeza dawa amwone mganga kabla ya kushika mimba. Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

3. Mwalimu wa dini afanye nini mtu akianguka katikati ya mafundisho au ya sala?
Awaagize watu 2 wamtunze, na wengine wakae kimya. Akiisha kuamka na kupumzika, arudi mahali pake pale pale, wala asipelekwe mlangoni.

4. Je, mtu aliyemsingizia mwenzake ulozi kwa ajili ya kifafa cha mtoto ametenda dhambi?
Ikiwa alijua kwamba ni uongo, ametenda dhambi nzito, kwa maana amevunja amri ya Mungu inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Na ikiwa alisema kwa hofu tu, bila kujua, ametenda ubaya vilevile. Yampasa kumrudishia jina lake jema mbele ya watu wale wale waliosikia.

5. Kwa nini mgonjwa asali, ikiwa Mungu hamwondolei ugonjwa?
Kwa sababu baba wa mtoto wa Injili naye aliona imani yake ni haba, akamwomba Yezu amsaidie hata hapo. Yezu hakumkataa. Sala ya mtu mwenye imani haba hupokelewa pia.

Tendo la juma hili

Katika kijiji au katika kijiji cha jirani hakosekani mtu mwenye kifafa, pengine amefichwa nyuma ya nyumba. Kila mkatekumeni aende kumtembelea, asiende mikono mitupu. Amsalimu kwa kumshika mkono. Awaulize jamaa zake kama amekwisha kupelekwa hospitali, na kama bado, asaidie kupanga safari. Kisha akae chini, na kula naye katika sahani moja.